Barua Yako Iko Wapi? Kutunza Barua Pepe Ukiwa Safarini Kitui na Makueni



Leo nataka tuzungumzie swali ambalo wengi wetu tunaotembea na laptopu hatujiulizi mpaka siku maji yametufika shingoni: barua pepe zako zinakaa wapi? Siulizi anwani yako ni ipi. Nauliza barua zenyewe, pamoja na viambatisho vyake, zimelala kwenye diski gani, diski hiyo ni ya nani, na kesho ukiamka huna mtandao au huna hiyo laptopu, utazifikia kwa njia gani?

Kazi yangu ni kuandika programu, na kila baada ya wiki chache kazi hiyo hunitoa Nairobi ikanirudisha Ukambani, kwetu. Huko huvitengenezea vikundi na ofisi ndogondogo mifumo ya kuweka hesabu na kumbukumbu. Wengi ninaofanya nao kazi si watu wa kompyuta. Ni maafisa wa miradi ya maji, walimu, wanunuzi wa maembe na ndengu, makatibu wa vikundi vya kina mama. Lakini kila mmoja ana laptopu kwenye begi, na kila mmoja anaendesha shughuli zake kwa barua pepe. Mkataba huja kwa barua pepe. Mchoro wa fundi huja kwa barua pepe. Risiti, barua ya mwaliko, majibu ya wafadhili, vyote vinapita humo humo.

Na watu hawa hawatulii mahali pamoja. Mtu huamka Wote, akala chakula cha mchana Kibwezi, akavuka mto Athi, na jua likizama yuko Mutomo au Kitui mjini. Mjini mtandao upo. Ukiiacha lami nyuma, mtandao huja na kuondoka upendavyo wenyewe. Kuna vijiji ambako kila mtu anajua pa kusimama ili simu ishike: juu ya mwamba fulani, au kando ya mbuyu fulani. Sasa hebu jaribu kufungua kiambatisho cha MB 10 ukiwa umesimama juu ya mwamba!

NJIA MBILI ZA KUPOTEZA BARUA

Kwa miaka ambayo nimekuwa nikitengeneza kompyuta za watu huko, nimeona barua zikipotea kwa njia mbili, na kila moja ni kinyume cha nyingine.

Njia ya kwanza: barua zote ziko kwenye laptopu, na kwingineko hakuna. Hii mara nyingi ni kazi ya POP. Itifaki hii iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na POP3 tunayoijua leo ilipata umbo lake mwaka 1996. Wazo lake ni rahisi: unganisha na seva, chukua barua zote, zifute kule, kata. Enzi za kulipia mtandao kwa dakika za simu hiyo ilikuwa busara kabisa. Seva zilikuwa na nafasi kidogo na laini ilikuwa ghali. Programu nyingi zina sehemu ya kuweka alama ili nakala iachwe kwenye seva, lakini aliyekuwekea mipangilio akiwa na haraka huenda hakuigusa. Ukiwa hivyo, laptopu ndiyo sanduku lako la pekee. Ikiibwa, ikianguka, ikiingia maji, umemaliza.

Njia ya pili: barua zote ziko kwenye seva, na kwenye laptopu hakuna hata moja. Hii ni ya sisi tuliokua na barua za kwenye kivinjari. Gmail ilipozinduliwa tarehe 1 Aprili 2004 ilitoa GB 1 bure, wakati Hotmail ilikuwa ikitoa MB 2. Watu wengi walidhani ni mzaha wa siku ya wajinga! Tangu hapo tukaacha kuhifadhi. Kwa nini ujisumbue na diski ilhali kampuni kubwa inakutunzia? Leo akaunti ya bure ya Google ina GB 15, zikigawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos. Lakini ukiwa ng'ambo ya Athi na simu haishiki, GB 15 hizo ni sawa na chakula kilichofungiwa ghalani na ufunguo uko Nairobi.

Wala usidhani mtandao hukatika vijijini tu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Kenya, Uganda na Tanzania zikabaki na mtandao wa kusuasua. Siku hizo hata mtu wa Nairobi aliishi kama mtu wa mashambani.

Katikati ya njia hizi mbili kuna IMAP, ambayo Mark Crispin aliibuni mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford. Hapa barua inabaki kwenye seva, lakini programu yako inaweza pia kuweka nakala kamili kwenye mashine. Ukisoma barua kwenye laptopu, simu nayo inajua imesomwa. Ukikosa mtandao, unasoma ile nakala.

Wakamba wenzangu wataelewa haraka nikitumia mfano wa bwawa la mchanga. Mito yetu mingi hutiririka saa chache tu baada ya mvua, kisha inakauka. Basi watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto. Mafuriko yanapopita huacha mchanga nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga huo ambako jua haliyafikii. Miezi baadaye unachimba kidogo na kuteka. Kitui na Makueni zina mabwawa ya aina hii kwa mamia. Kilichofanyika si kuongeza mvua. Ni kukamata maji wakati yanapita ili yakufae wakati hayapo. Mtandao nao uko vivyo hivyo: ukikutana nao Wote au Kitui mjini, kamata barua zako, zikufae Ikutha.

SHANGAZI NA BARUA YA NJIA

Ngoja niwasimulie kwa nini nimelishupalia jambo hili.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, na watu wote wa kijijini humwita Mwalimu, hata sisi watoto wa nyumbani. Ni katibu wa kikundi cha maji upande wa Ikutha. Mwaka 2014 kikundi kilijenga bwawa la mchanga kwa msaada wa shirika moja. Ukuta ulishika ukingo wa shamba la mzee mmoja, na njia ya kufikia visima ilikatiza shambani kwake. Mzee aliridhia bila malipo. Aliandika barua, akatia sahihi, mashahidi wakatia zao. Shangazi akaipeleka saiba ya Kibwezi ikapigwa skani, akaituma kwa mhandisi wa shirika kwa barua pepe. Karatasi yenyewe akaiweka ndani ya sanduku la mbao nyumbani.

Miaka ikapita. Mradi ukaisha, shirika likafunga ofisi yake. Mzee akafariki. Mwaka 2021 begi la shangazi liliibwa kituoni Kibwezi akiwa safarini kwenda kumwona binti yake Wote, na laptopu ikaenda nalo. Alilia kidogo, akanunua nyingine iliyotumika, akaendelea. Barua zake zilikuwa zimewekwa kwa POP na kijana mmoja wa saiba, lakini wakati huo hakuna aliyejua maana yake.

Kisha ukaja ule ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikashindwa mfululizo katika pembe hii ya Afrika. Maji yakawa dhahabu. Wana wa yule mzee wakaziba njia kwa miiba. Si watu wabaya. Walikuwa wadogo au wako mbali baba yao alipotoa ruhusa, na hawakuwahi kuiona barua. Walichoona ni watu wa vijiji vitatu wakipita shambani kwao usiku na mchana na punda, wakikanyaga mazao kidogo yaliyobaki. Kina mama wakaanza kuzunguka njia ndefu, saa nzima zaidi kwenda, saa nzima zaidi kurudi.

Shangazi akafungua sanduku. Mchwa walikuwa wamemtangulia. Akanipigia simu.

"Mwanangu, ile barua niliituma kwa imeli. Wewe ni mtu wa kompyuta. Niitolee."

"Shangazi, uliituma kutoka mashine gani?"

"Ile iliyoibwa. Lakini imeli si iko hewani?"

Hilo ndilo swali lenyewe, wasomaji. Imeli si iko hewani? Nilifungua akaunti yake kwenye seva. Barua za zamani hazikuwemo. Zilikuwa zimeshushwa kwenye laptopu na kufutwa kule. Na hata kama zile alizopokea zingebaki, hii aliituma yeye, na kwa POP barua unazotuma hukaa kwenye mashine yako. Nikamwandikia mhandisi wa shirika. Barua ilirudi: kikoa kile hakikuwepo tena. Mradi ulipoisha hakuna aliyelipia jina la tovuti, na sanduku zote za wafanyakazi zikafa pamoja nalo.

Kilichotuokoa ni mazoea ya ualimu. Shangazi alikuwa na desturi ya kumpelekea mwenyekiti nakala ya kila barua rasmi. Mwenyekiti hakuwa na kompyuta, kwa hiyo nakala zilikwenda kwa mwanawe anayefanya kazi Wote, ambaye bado alikuwa akiitumia anwani ile ile. Alitafuta kwa jina la mto. Ikatokea, ya mwaka 2014, na kiambatisho chake kizima.

Tulichapisha barua hiyo na kuipeleka kwa chifu. Wana wa mzee waliisoma wakiwa wamesimama. Mkubwa wao aliitazama sahihi ya baba yake kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaomba jambo moja, njia iwekewe uzio pande zote mbili ili punda wasiingie shambani. Kikundi kikakubali, na miiba ikaondolewa wiki hiyo hiyo.

Kama lingefika mahakamani tungehitaji zaidi ya karatasi iliyochapishwa. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inahusu rekodi za kielektroniki na cheti kinachoandamana nazo, na hapo barua halisi yenye tarehe na njia iliyopitia ina nguvu kuliko picha ya skrini. Ndiyo maana nasema tunza barua yenyewe, usitunze picha yake.

KULANDANISHA SI KUWEKA AKIBA

Sasa mtu ataniambia: sawa, nitahamia IMAP, shida imeisha. Bado!

IMAP hulandanisha. Maana yake ni kwamba kinachotokea upande mmoja hutokea upande wa pili. Mtoto akifuta folda kwenye laptopu, inafutwa kwenye seva na kwenye simu pia. Mwizi akiingia kwenye akaunti na kuimwaga, laptopu yako itakapounganika itatii na kumwaga vilevile. Gmail huweka barua zilizofutwa kwenye pipa kwa siku 30, kisha basi.

Hata wakubwa wamelijua hili kwa uchungu. Tarehe 27 Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua visanduku vyao wakavikuta vitupu. Hitilafu ilikuwa imeingia pamoja na programu mpya ya kuhifadhi data, ikagusa nakala zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Google ilisema walioathirika ni karibu asilimia 0.02 ya watumiaji. Barua zilirudishwa kutoka wapi? Kutoka kwenye kanda za sumaku! Kanda hizo zilikuwa hazijaunganishwa na chochote, kwa hiyo hitilafu haikuweza kuzifikia.

Kwa hiyo unahitaji vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni nakala ya kusomea, inayokufuata safarini na inayojisasisha. Cha pili ni nakala ya akiba, au bekapu kama tunavyosema ofisini, ambayo haitii amri ya kufuta. Mmoja bila mwingine ni nusu ya kazi.

NAMNA NINAVYOWAWEKEA WATU

Haya, tuje kwenye vitendo. Huu ndio mpango niliomwekea shangazi, na ndio ninaowawekea wengine. Hauhitaji kulipia programu yoyote.

1. Thunderbird kwa IMAP. Thunderbird ni programu huria, toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2004 na bado inatunzwa hadi leo. Ukiongeza akaunti ya Gmail itakufungulia dirisha la Google uingie humo. Usishangae ikikataa mtindo wa zamani wa kuandika nywila pekee, kwani Google iliufunga kwa akaunti za kawaida tarehe 30 Mei 2022. Kisha ingia mipangilio ya akaunti, sehemu ya ulandanishaji na hifadhi, na uhakikishe barua zinawekwa kwenye kompyuta hii.

2. Pakua mara ya kwanza mahali penye Wi-Fi. Usithubutu kuanza kwa bando la simu. Akaunti ya miaka kumi inaweza kuwa na GB kadhaa. Kaa ofisini au saiba, iache mashine ikivuta usiku kucha kama inaruhusiwa. Baada ya hapo kila siku ni barua mpya tu.

3. Angalia folda ya barua zote. Gmail huonyesha lebo zake kama folda, kwa hiyo barua moja inaweza kushuka mara mbili: mara moja katika kikasha, mara moja katika folda ya barua zote. Chagua moja. Watu wamemaliza bando kwa kutojua hili.

4. Fahamu uzito wa kiambatisho. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi. Faili huigeuza kuwa herufi kabla ya kusafiri, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4. Faili ya MB 6 husafiri ikiwa na zaidi ya MB 8. Unaweza kuiambia Thunderbird isishushe barua zinazozidi ukubwa fulani ukiwa njiani, kisha uzishushe ukifika mjini. Ila kumbuka kuzishusha! Kiambatisho ambacho hakijashuka hakimo kwenye nakala yako.

5. Andika bila mtandao. Ukiwa Mutomo na simu haishiki, andika majibu yako yote na uyatume baadaye. Yatakaa kwenye folda ya zinazosubiri, na ukifika kwenye mtandao unayatuma. Shangazi hujibu barua zake zote ndani ya matatu sasa.

6. Nakala ya akiba kwenye diski ya nje. Funga Thunderbird kwanza, kisha nakili folda yake yote ya wasifu kwenye diski ya nje. Ipe folda tarehe ya siku hiyo, na usifute ile ya mara iliyopita mpaka hii mpya umeifungua na kuiona inasoma. Diski hiyo isikae begi moja na laptopu. Mwizi haachi diski kwa huruma.

7. Chukua nakala kutoka kwa seva pia. Google ina huduma iitwayo Takeout, iliyoanza mwaka 2011 na kuongezewa Gmail mwishoni mwa 2013. Unaomba, inakuandalia barua zako zote katika faili ya mbox. Unaweza kuiambia irudie kila miezi 2 kwa mwaka mmoja. Mbox ni maandishi matupu, umbo lililotoka enzi za Unix ya kale, na ndiyo sababu nalipenda. Hata Thunderbird ikifa, barua hizo zitasomeka kwa programu yoyote ya maandishi.

Kwa wanaopenda mstari wa amri: mbox huwa faili moja kubwa, na barua moja ikiongezeka faili nzima inahesabika imebadilika. Umbo la Maildir huweka kila barua katika faili yake, kwa hiyo rsync itanakili mpya tu. Mimi mwenyewe hutumia mbsync kushusha katika Maildir, na kazi ya usiku inanakili. Lakini simwekei mwalimu mstaafu kitu asichoweza kukiendesha nisipokuwepo. Mfumo unaomhitaji mpwa kutoka Nairobi kila mara si mfumo.

Asiyetaka Thunderbird kabisa anaweza kuwasha Gmail ya nje ya mtandao kwenye Chrome. Itaweka barua za siku 7, 30 au 90. Inafaa kwa safari. Haifai kwa barua ya mwaka 2014.

MSIMBO USIOFIKA

Kuna mtego mwingine wa msafiri. Umewasha ulinzi wa hatua mbili, jambo jema, na msimbo unatumwa kwa SMS. Umefika mahali penye Wi-Fi ya shule lakini laini yako ya simu haishiki. SMS haiji, na barua zako ziko mbele yako umefungiwa nje.

Dawa ni mbili. Tumia programu ya simu inayotengeneza msimbo yenyewe, maana hiyo haihitaji mtandao wala SMS. Pia chapisha misimbo ya dharura. Google hukupa 10, kila mmoja wa tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja. Iweke kwenye pochi, si kwenye begi la laptopu.

Na kwa kuwa sasa umebeba barua za miaka yote kwenye mashine moja, simba diski yako. VeraCrypt ni ya bure, na Linux ina LUKS. Ndani ya barua hizo mna nambari za vitambulisho za wanakikundi, simu zao, hesabu zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu wote wanaoshika taarifa za watu wengine. Hata bila sheria, jirani aliyekupa nambari yake ya kitambulisho hakukupa uipeleke sokoni.

ANWANI YA KAZI NA ANWANI YAKO

Kitui na Makueni zimejaa miradi ya miaka mitatu mitatu. Inakuja na magari, tisheti na anwani nzuri za barua pepe. Inaisha, na kikoa kinaachwa bila kulipiwa. Kila makubaliano yaliyofanywa na kijiji kupitia anwani zile yanabaki upande mmoja, kama yapo. Kwa hiyo kikundi chochote kiwe na anwani yake chenyewe, na kila barua inayogusa ardhi, maji au fedha ipitie humo. Wewe mfanyakazi wa mradi, kabla hujaondoka hakikisha kikundi kimepata nakala za barua zinazokihusu. Usibebe zisizo zako.

Tena fikiria siku ambayo haupo. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa, na ufutaji ukaanza Desemba mwaka huo. Katibu akifariki, kikundi kina miaka miwili tu ya kujua. Kuna mpangilio wa akaunti isiyotumika ambapo unachagua nani ajulishwe na nani apewe data ukikaa kimya kwa miezi 3, 6, 12 au 18. Shangazi amemwandika naibu katibu. Nilipomweleza alicheka akasema, "Hata wosia wa shamba sijaandika, sasa naandika wa imeli." Wiki iliyofuata aliandika na wa shamba.

IJARIBU KABLA HUJAIHITAJI

La mwisho. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu. Mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na Oktoba kabla ya vuli, fanya hivi: chukua diski ya nje, iunganishe na kompyuta nyingine kabisa, isiwe yako, zima mtandao, kisha tafuta barua moja ya miaka mitano iliyopita na ufungue kiambatisho chake. Kikifunguka, funga diski uirudishe mahali pake. Kisipofunguka, umegundua ukiwa na muda wa kurekebisha.

Kazi yote hii ni nusu siku mara ya kwanza na dakika ishirini kila baada ya hapo. Anza na barua moja, ile ambayo ikipotea mtu fulani atatembea saa mbili zaidi kutafuta maji. Itafute sasa hivi, ujue iko kwenye diski ngapi. Kama ni moja, leo una kazi.

Haya, kwa leo niishie hapo. Safari njema.